Hesabu ya Maganda

Risasi mpya, dukani Iringa mjini: shilingi elfu nne.
Risasi ya kujaza mwenyewe, sebuleni Kilolo: elfu moja na mia tano.
"Toa," baba akaniambia.
Nilikuwa darasa la tatu, penseli yangu fupi kuliko kidole gumba.
Nikatoa, nikakopa, nikarudisha,
nikapata elfu mbili na mia tano.
"Umeona?" akasema, akimwambia mama, si mimi.
"Kila mlio unaniachia faida."

Mama alikuwa anamenya njegere.
Ile mashine ya mkono aliiita mke mwenza:
hailimi, haipiki,
na usiku ndiyo inayokaa na bwana.

Leo natunza vitabu vya ushirika wa mahindi,
na hesabu haipiti mbele yangu bila kuvuliwa kofia.
Tulia hapo ulipo, baba, tukague.
Bei nimezigandisha. Wahasibu tunaruhusiwa.

Mashine uliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga shamba la tumbaku:
laki nne, na juu yake wiki nzima ya kununiwa.
Kwa mwaka ulipiga risasi kumi na mbili.
Mara kumi na mbili, faida ni elfu thelathini.
Ili mashine ijilipe ungehitaji miaka kumi na mitatu
na miezi minne.
Ukafa wa kumi na moja.
Nakudai elfu sabini.

Na hapo sijaandika nauli ya kufuata baruti,
basi likilala kwenye matope ya Machi, nawe ukilala ndani yake
umekumbatia kopo kama mtoto mwenye surua.
Sijaandika mafuta ya taa.
Sijaandika zile saba zilizogoma:
tii, kama chafya ya paka,
nguruwe akainua kichwa, akatutazama,
akarudi kwenye hindi lake.

Lakini zile jioni za Juni,
ukungu ukipenya chini ya mlango, jiko limezimwa,
kiko cha baba mdogo Gaudensi kimetolewa nje
pamoja na mwenyewe.
Nilihesabu marisawa moja moja kwa vidole vyenye ganzi,
wewe ukizipima kwenye mizani ya zahanati,
sahani mbili ndogo kama vifuniko vya soda,
pumzi umeibana zisitikisike.
Nusu gramu nilijifunza hapo, si shuleni.
Hiyo niiweke safu gani?
Nimejaribu mtaji. Nimejaribu karo.
Nimefuta.

Tulipopeleka bunduki polisi, baada ya arobaini,
askari alipanga maganda tisa matupu juu ya kaunta,
shaba imefifia, midomo imechanika
kwa kujazwa na kujazwa tena.
"Thamani?" akauliza, kalamu hewani.
Kabla sijajibu akaandika: chakavu.

Nguruwe bado wanakuja.
Mama huwafukuza kwa debe na mwiko.
Debe halidai baruti, halidai kibali,
nao wanakimbia vilevile,
wanarudi vilevile.

Jana nikamsomea mahesabu yote mpaka chini, elfu sabini.
Akasikiliza, bakuli la njegere mapajani.
"Na mimi umeniandika wapi?"
Wewe, mama?
"Nani alikuwa anashika taa?"

Nikafungua ukurasa mpya.
Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi kwa usiku mmoja,
siku ngapi kwa mwezi.
Akawatupia kuku maganda.
"Saa sikushika," akasema. "Nilishika taa."